Mkuyu Niliouhamisha

Habari za kifo cha Papa Dezire zilinikuta sokoni Kibondo, nikibishana na muuza maharage aliyetaka kuniuzia ya mwaka jana kwa maneno matamu ya mwaka huu. Simu ikalia, nikasikia sauti ya bintiye, nikajua kabla hajasema. Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Kasulu, na mchana nikawa nimekaa mkekani na akina mama wengine uwanjani kwake, tukila wali na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya marehemu, na yote yalihusu mabango. Mmoja alisema bango la saluni yake limepigwa na mvua na jua miaka nenda rudi, wala halijabanduka hata herufi moja. Mwingine alisema hakuna aliyeweza kuchora kuku wa kukaanga kama yeye. Mtu akipita barabarani alikuwa anasikia njaa. Mama mmoja akanigeukia. "Na wewe dada, ulimfahamu vipi?" Nikasema alinifundisha kuchora. "Mabango?" Nikasema hapana, mabonde. Akanitazama kwa huruma, akadhani msiba umenichanganya, akanisogezea bakuli la mboga.

Sikumlaumu. Hata mimi nikijisikia nikisema maneno hayo naona yanachekesha. Lakini usiku ule, na katika gari wakati wa kurudi, na wiki nzima baada ya hapo, nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka ambao nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ualimu mpya, viatu jozi moja, na kiburi cha kutosha watu watatu. Ya ukoo wangu na nilikotoka sitayaeleza hapa. Hayana tofauti na ya wengi. Mwaka huo ndio wenye maneno.

Nilikuwa nimepangiwa shule ya Heru Juu, na nilipata chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Tereza. Kilikuwa chumba cha udongo chenye dirisha dogo kama mlango wa banda la kuku, kitanda cha mbao za mlingoti kilicholia kila nilipogeuka, na ukuta ambao haukufika juu kwenye paa, kwa hiyo kila alichosema Mama Tereza jikoni nilikisikia, na kila nilichokisema usingizini alikisikia yeye. Asubuhi alisali kwa sauti, na kwa sauti ile ile akamgombeza mbuzi, hata nikawa sijui sala inaishia wapi na mbuzi anaanzia wapi. Jioni tulikula ugali wa muhogo, mweusi kidogo, unaoshikana, kwa maharage, na siku ikiwa nzuri kwa dagaa. Akiona nimeacha tonge alikuwa ananiambia, "Mwalimu, shiba. Watoto wa watu utawafundisha na tumbo lipi?" Maharage yale yalitoka bondeni, chini ya nyumba, kwenye kipande chake cha ardhi yenye unyevu. Wakati wa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa makavu kabisa, kipande kile kilikuwa kijani. Chakula cha nyumba ile, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi, kilikuwa pale.

Jumamosi nilikuwa naenda Kasulu mjini. Papa Dezire nilimkuta kwenye baraza ya duka la Mzee Shabani, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuja kutoka pwani na ambaye aliwaita wateja wote "mwanangu", hata waliomzidi umri. Papa Dezire alikuwa Mkongo, alikuwa amefundisha uchoraji shule moja kule ng'ambo ya ziwa kabla vita havijamtoa, na mjini Kasulu alikuwa anaandika mabango. Nilimwomba anifundishe kuchora ramani na majani kwa ajili ya darasa langu. Aliendelea kupaka herufi yake mpaka akaimaliza, kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu kikubwa kisicho na jalada, kimefungwa kwa kanga. Ndani kulikuwa na picha za misitu, vijito, ng'ombe wanaokunywa maji, mawingu, na wanawake walioinama mashambani. "Aba bote," akasema, "balikuwa Ufaransa, zamani sana, wakati ya babu ya babu yako. Na bote balichora inje."

Niliuliza kuchora nje kuna nini cha ajabu. Alicheka mpaka Mzee Shabani akachungulia. Halafu akanieleza, na maelezo yale nayakumbuka kuliko somo lolote la chuoni. "Mbele yabo, peintre, muchoraji, alikuwa anabaki mu nyumba. Rangi yake ilikuwa mu kibofu ya nguruwe. Ukitoboa, inamwagika, inakauka. Utaenda nayo wapi? Kisha mutu moja akatengeneza ka-tube ya bati, yenye kifuniko. Na treni ikafika karibu na pori. Voilà! Balibeba sanduku, baliingia mu treni, balienda kukaa na balimaji." Mzee Shabani, ambaye alishamkatalia Papa Dezire habari za nguruwe barazani kwake mara nyingi, akauliza hao wakulima waliwaonaje wageni wa namna hiyo. "Balisema ni bavivu," Papa Dezire akajibu. "Mutu muzima, muchana, jua kali, anaangalia muti." Mzee Shabani akasema hao wakulima walikuwa na akili.

Nilipofungua ukurasa wa wanawake wanaookota masazo ya mavuno, nikasema ni picha nzuri, ina utulivu. Papa Dezire akanitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. Akasema picha za namna ile, zilipopelekwa mjini kwa wakubwa, zilileta ugomvi. Mkulima akichorwa mdogo, pembeni, karibu na ng'ombe, hakuna aliyekasirika. Lakini walipoanza kumchora mkubwa, akijaza turubai, mgongo wake unapita mstari wa mbingu, matajiri wakaona wanatishwa. "Balisema: huyu mama anataka nini? Kwani anataka nini? Anataka kuokota ngano tu!" Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Sikuwa nimeelewa hata kidogo, na yaliyofuata ndiyo ushahidi.

Basi tukaanza. Jumapili baada ya misa alikuwa anapanda bodaboda mpaka Heru Juu, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Rangi zilikuwa za mafuta, zile za kupaka milango, kazichanganya nyumbani na kuzitia kwenye vikopo vitupu vya dawa ya viatu, kila kimoja kimekazwa kifuniko. "Tube yetu," alikuwa akisema. Tulichora juu ya vipande vya maboksi ya sabuni tulivyovipaka kwanza uji wa muhogo, halafu rangi nyeupe. Tulikaa kwenye mwinuko mdogo juu ya bonde, sehemu moja kila mara. Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, ukimaliza, geuza kipande, uandike nyuma siku na saa, kwa sababu bonde la saa tatu si bonde la saa kumi. Ya pili, usichore unachokijua, chora unachokiona. "Hii kijani yako iko ya kopo," aliniambia siku ya kwanza. "Ile ya pale chini iko kijani? Angalia muzuri. Iko karibu na bluu." Niliangalia, nikakasirika, nikaangalia tena, na kweli ilikuwa karibu na bluu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa kama niliyefanyiwa operesheni ya macho.

Watu, bila shaka, walitushuku. Si kwa sababu walituona wavivu, walituona hatari. Heru Juu na vijiji vyote vya kwetu, mtu anayekaa mahali palipoinuka, akatazama shamba, akaandika kitu, akatazama tena, hajawahi kuleta heri. Wazee walikumbuka waliokuja kutazama hivyo kabla watu hawajahamishwa kwenda kwenye vijiji vya kupangwa. Wengine walikumbuka waliokuja kupima mahali pa kambi za wakimbizi. Wiki ya pili alipanda shemeji yake Mama Tereza, Bwana Ruhuza, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye shamba lake lilipakana na lake kule bondeni. Alipiga makofi ya salamu kama ilivyo desturi, mwili umeinama, "Mwakeye, mwalimu," lakini macho yake yalikuwa kwenye kipande cha boksi.

"Mwalimu, unapima?"

"Hapana, baba. Nachora."

"Unachora nini?"

"Bonde."

"La nani?"

Nilisema la wote, kwa sababu nilikuwa kijana na jibu hilo nililiona zuri. Bwana Ruhuza akalitafakari. "Bonde hili si la wote," akasema kwa upole. "Hapa mpaka kwenye minyara ni la shemeji yangu. Kuanzia minyara kwenda kule ni langu. Chora hivyo." Akashuka. Papa Dezire, aliyekuwa amenyamaza muda wote kwa sababu ya ugeni wake, akasema yule mzee ameona picha vizuri kuliko mimi.

Nieleze hapa jinsi bonde lilivyokaa, maana bila hilo yatakayofuata hayaeleweki. Upande wa kushoto, ndani ya shamba la Mama Tereza, kulikuwa na mkuyu mkubwa. Kutoka mkuyuni kwenda kulia, hatua kama ishirini, kulikuwa na udongo mweusi wa maharage, kipande bora kuliko vyote. Halafu ndipo ulipokuja ua wa minyara, ule mmea wenye utomvu mweupe ambao kwetu hupandwa mipakani. Ng'ambo ya minyara lilianza shamba la Bwana Ruhuza. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyochora kwenye vipande vyangu vya boksi, vitano au sita. Katika kimoja alikuwamo mke wa Bwana Ruhuza, Mama Jeni, akilima upande wao, kitenge cha bluu, kainama. Kwangu mimi alikuwa alama ya bluu tu. Papa Dezire alikisifia kipande hicho kuliko vingine, mimi nikakiona kichafu.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, Mama Tereza alifungasha akaenda Kibondo kumwuguza binti yake aliyekuwa amejifungua kwa shida hospitalini. Alikaa huko wiki tano. Mimi nikahamia Kasulu, nikapewa na mke wa Mzee Shabani chumba cha nyuma ya duka, chenye magunia ya chumvi na harufu ya vitumbua kila alfajiri, nichore picha kubwa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa ameniambia wilayani kunaandaliwa maonyesho ya kazi za walimu, na nikitoa kitu cha maana atakipeleka. Tulivuta kitambaa cha marekani kwenye fremu, mita moja na nusu kwa moja. Vile vipande vya boksi niliviacha Heru Juu chini ya kitanda. Nilijiona nimeshavuka hatua hiyo.

Papa Dezire alinieleza kwamba hata wale wa kwenye kitabu walikuwa na kazi za aina mbili. Kuna ile ndogo ya nje, ya kushika mwanga haraka kabla haujapotea, na kuna ile kubwa ya ndani, iliyopangwa, ya kupeleka kwa wakubwa mjini. "Mu ile kubwa balikuwa banasogeza muti," akasema. "Mulima pia. Wakubwa balipenda hivyo." Nikamwuliza kama ni vibaya. Akainua mabega. "Haiko vibaya. Lakini ujue kama umesogeza." Hilo neno la mwisho lilipita juu ya kichwa changu kama ndege. Nilichokishika ni ruhusa. Mkuyu ulikuwa mbali mno kushoto, picha ilikuwa inaegemea upande mmoja, kwa hiyo niliusogeza kulia mpaka ukagusa minyara. Ile minyara mibaya, iliyokaa kama mifagio, ikajificha nusu nyuma ya shina. Mama Jeni nikamtoa kabisa. Bonde likawa tupu, kijani, limetulia, na mimi nikakaa juu ya gunia la chumvi nikajitazamia kazi yangu nikalia kwa furaha. Nasema kweli, nililia.

Picha ilitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu ikisubiri maonyesho, na siku ya kikao cha wazazi karibu kijiji kizima kiliingia kuitazama. Walioniogopa zamani walikuja kunishika mkono. "Yemwe! Hadi mkuyu wa kwa Tereza!" Sikuwahi kusifiwa vile maishani. Wiki ile ile Mama Tereza akarudi kutoka Kibondo, mjukuu mzima, binti mzima, akashuka bondeni kutazama maharage yake, na akapanda kurudi. Alikaa kwenye kigoda jikoni. Moto ulikuwa umezimika naye hakuukoka. Nilipomwuliza akasema, "Minyara haipo."

Ilikuwa imeng'olewa yote, udongo umelimwa na kusawazishwa, na kuanzia ulipokuwa ua hadi kwenye mkuyu kulikuwa na matuta mapya ya Bwana Ruhuza. Nani aling'oa, hakuna aliyekiri. Bwana Ruhuza alisema minyara ilikauka na kufa, na kwamba mpaka wa kweli tangu enzi za baba yao ni mkuyu. Mama Tereza alisema hilo ni jambo jipya. Lakini yeye alikuwa mwanamke mmoja, mjane, aliyeolewa pale, na wazee waliouona mpaka ukipandwa walikuwa wamekufa, na majirani waliobaki hawakutaka kuingilia ugomvi wa ndugu. Bila kipande kile hakukuwa na maharage ya kiangazi. Alinihesabia kwa vidole, bila kulia, watu wanaokula kutokana nacho: yeye, wajukuu watatu wanaokuja na kuondoka, na mimi.

Mwenyekiti wa kitongoji akaita wazee. Kikao cha kwanza kilikaa uwanjani kwa Mama Tereza, wanaume kwenye viti, wanawake chini upande wa jikoni. Bwana Ruhuza alizungumza kwa utaratibu, hakutukana mtu. Mwishoni akasema, "Mnataka shahidi? Shahidi yupo shuleni, ametundikwa ukutani. Mwalimu amekaa pale juu Jumapili ngapi akitazama bonde hili? Nendeni mkaangalie. Minyara na mkuyu viko pamoja. Mwalimu hana ndugu hapa, hana sababu ya kunipendelea." Watu wakageuka kunitazama. Ilikuwa kweli, wote walikuwa wameiona. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, ile picha ni ya bonde hili?"

Nikasema ndiyo.

Hilo tu. Ningeweza kuongeza neno moja na sikuongeza. Nilikuwa naona picha yangu ikiondolewa ukutani, naona watu wale wale walionishika mkono wakisema mwalimu ni mwongo, naona maonyesho ya wilaya yakipita bila mimi. Mama Tereza hakunitazama. Jioni akanipakulia ugali kama kawaida, akaniambia nishibe, nami nikaliweka chini tonge la kwanza nikatoka nje.

Kesho yake sikungoja Jumamosi. Nilienda Kasulu kwa miguu nusu ya njia na kwa bodaboda nusu, nikamkuta Papa Dezire juu ya ngazi anaandika bango la duka la vipuri. Nilimweleza nikiwa chini na yeye juu. Nilitegemea anipoze, aseme sanaa ni sanaa. Alishuka, akafuta brashi kwa mafuta ya taa, taratibu, akaniambia, "Basi umefika, mwalimu. Batu banaamini kazi yako. Miye miaka yote nilitaka hiyo, sikuipata. Banaamini kuku yangu tu. Sasa utafanya nini nayo?" Nikasema naogopa. Akasema anajua. "Ile ndogo ziko wapi?" Nikasema chini ya kitanda. Akaniuliza kama niliandika siku na saa nyuma. Nikasema niliandika. Akapanda ngazi yake, akaendelea na herufi.

Kikao cha pili nilisimama kabla sijaitwa. Nilisema ile picha kubwa si ya kweli. Nilisema niliuhamisha mkuyu kwa sababu niliona ukikaa karibu na minyara unapendeza. Kulikuwa na kicheko, halafu kelele. Mzee mmoja akauliza mkuyu unahamishwaje. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amealikwa, alitazama viatu vyake. Nikatoa vipande vya boksi, nikavipanga juu ya kigoda. Mwenyekiti akavishika kimoja kimoja, akavigeuza, akasoma siku na saa.

"Mwalimu," akasema, na hakusema kwa ubaya, "juzi uliniambia ile ni ya bonde hili. Leo unasema ni ya uongo. Kwa nini niamini hivi vya maboksi?"

Nikasema twendeni pale nilipokuwa nakaa. Basi tukapanda wote, wazee kwa fimbo zao, wanawake nyuma, mpaka kwenye mwinuko, na mwenyekiti akakaa chini mahali pangu hasa, palipokuwa bado na matone ya rangi kwenye jiwe, akakiinua kipande mbele ya macho yake. Akakishusha, akatazama bonde. Akakiinua tena. "Mfereji upo," akasema. "Lile jiwe jeupe lipo. Kichuguu kipo." Akawapa wengine, nao wakakaa kwa zamu, wazee wazima wakifumba jicho moja, na ningekuwa na moyo mwepesi siku hiyo ningecheka. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mkuyu kushoto, udongo wa maharage katikati, minyara kulia. Bwana Ruhuza akasema kuchora ni kuchora, aliyeweza kuhamisha mti ameweza kuhamisha minyara. Wengine wakaafiki. Hata mimi niliona ana haki ya kusema hivyo, na haki hiyo nilimpa mimi mwenyewe.

Ndipo mwenyekiti akaweka kidole kwenye ile alama ya bluu. "Na huyu ni nani?"

Nilijua. Lakini nilimwona Bwana Ruhuza amesimama pale, na nikafikiria nyumba atakayorudi mwanamke huyo jioni, nikasema ni mama fulani alikuwa akilima, sikumwona uso. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili katika shauri moja. Nyuma yetu, kati ya wanawake, sauti ikasema, "Lete nione."

Mama Jeni akapita mbele. Alikishika kipande kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kifaranga, akakitazama kwa muda mrefu. "Ego. Ni mimi," akasema. "Hiki ndicho kitenge changu. Siku hiyo nilikuwa navunja mabonge, minyara iko mgongoni kwangu, inanichoma hapa." Akagusa kiuno. "Mkuyu uko kule mbali, kivuli chake hakinifikii. Ningekuwa kivulini ningelima mpaka jioni. Niliacha mapema kwa jua."

"Mbona hukusema siku zote hizi?" mwenyekiti akamwuliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

Bwana Ruhuza hakubisha. Naamini angebishana na mimi mpaka mvua zije, lakini alimtazama mkewe, akatazama kile kipande, na ikawa kama amechoka. Kabla ya jua kwenda magharibi walishuka bondeni, wakapima hatua kutoka mkuyuni, na vijana wakatumwa kukata vipando vipya vya minyara. Matuta aliyokwisha kuyapanda Bwana Ruhuza waliamua yavunwe kwa kugawana, nusu kwa nusu, mwaka ule mmoja tu. Mama Tereza alikubali. Jioni alikoka moto mkubwa kuliko kawaida, akachinja jogoo, na alipokuwa akinyonyoa manyoya akasema, akimwambia jogoo au akiniambia mimi, "Mtu akikosea akasema amekosea, tumpe paja."

Picha kubwa haikwenda kwenye maonyesho. Mwalimu mkuu aliitoa ukutani yeye mwenyewe, na baadaye kile kitambaa kilitumika kutengenezea pazia la jukwaa la shule, upande wa rangi ukiwa nyuma. Nilihuzunika kwa siku kadhaa, kisha nikagundua kwamba nalala vizuri. Kilichoninyima raha ni Mama Jeni. Wiki iliyofuata aliondoka kwenda kwa kaka zake huko Muyama, wengine wakasema amefukuzwa, wengine wakasema ameenda kupumzika, na kila nilipopita bondeni nilijiambia nimeokoa shamba la mwanamke mmoja kwa nyumba ya mwingine. Nilimwambia Papa Dezire hivyo. Akasema mama yule si rangi, mimi sikumweka pale. Alitembea kwa miguu yake. Nilichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananikaripia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bwana Ruhuza alivaa koti akaenda Muyama na ndugu wawili, akakaa huko siku tatu akisemwa na shemeji zake, akarudi naye. Nilimkuta Mama Jeni Jumapili upande wao wa minyara mipya, iliyokuwa bado mifupi kama vidole. Nilisimama njiani na sanduku langu, sijui nisalimie vipi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu. Ile kubwa ya shuleni. Wanasema mimi sikuwamo."

"Hukuwamo."

"Kwa nini?"

Safari hii nikamwambia ukweli. "Nilikutoa, mama. Niliona bila mtu bonde linapendeza zaidi."

Alilitazama bonde, kushoto kwenda kulia, kama anayelikagua kwa niaba yangu. "Bila mtu?" akasema. "Hapa bila mtu ni matete na mbu." Akatema mate mikononi, akashika jembe. "Kaa hapo basi, unichore. Ila sitasimama kukungoja, nina kazi. Ukimaliza niite."

Nilikaa pale pale chini, si juu kwenye mwinuko, nikafungua vikopo. Nilimchora karibu, mkubwa, mpaka mgongo wake ukapita juu ya mlima wa nyuma, na kwa mara ya kwanza nikajua Papa Dezire alikuwa akinieleza nini juu ya wale wanawake wa kwenye kitabu. Hakuinua kichwa hata mara moja. Mwanga ulibadilika mara tatu na mara tatu nikaukimbiza. Nilipomwita alikuja akijifuta udongo kwenye kitenge, akainama juu ya kipande cha boksi, akakitazama bila haraka huku nikisubiri kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Mpini wa jembe langu ni mrefu kuliko huu," akasema.

Nikaurefusha.